Kazi ya Kudumu Ilitoka Wapi, na Inakwenda Wapi?



Katika somo la mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wazazi wengi wa mtaa wetu wamekuwa wakituuliza, wengine baada ya ibada, wengine njiani, wengine wakituletea vijana wao nyumbani ili tuwape shauri. Swali lao ni moja, ingawa kila mtu ana namna yake ya kuliuliza. Je, mashine na kompyuta zitazimaliza kazi? Na kama zitazimaliza, watoto hawa tunaowasomesha kwa taabu watakula nini?

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Jembe halifanyi kazi lenyewe, wala plau. Hata mashine ya kusaga, ambayo imewaondolea akina mama adha ya kutwanga, yataka mtu wa kuiwasha, kuilisha mahindi, kusikiliza mlio wake na kujua kwamba mkanda umelegea. Mashine ya namna hiyo imechukua nguvu za mikono, lakini macho na akili ameachiwa mtu. Jambo wanaloliita otomesheni ni hatua ya pili: mtambo unapewa pia kazi ya kuangalia na kuamua. Wenyewe hupima, wenyewe hujirekebisha, na mtu hukaa pembeni, au hayupo kabisa. Tofauti hiyo tuishike, kwa maana hatua ya kwanza tunaijua tangu zamani, na hofu ya leo inatokana na ya pili.

Sasa tutazame upande wa kazi yenyewe. Tunaposema "kazi ya kudumu" tuna maana ya kuingia asubuhi na kutoka jioni, mshahara mwisho wa mwezi, likizo kila mwaka na kiinua mgongo mwishoni. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba hiyo ndiyo kazi hasa, na kwamba mengine yote ni kubangaiza. Sisi walimu tumeieneza imani hiyo kuliko watu wengine wote. Lakini tukiwauliza wazee wetu hapa mkoani Tanga, tutaona kwamba kazi ya namna hiyo ina umri mfupi sana.

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge wakati wa Waingereza wanakumbuka kipande. Kilikuwa ni kadi yenye nafasi 30, na kila siku mtu aliyokwenda kazini na kumaliza sehemu aliyopimiwa ilitiwa alama. Siku hizo 30 hazikulazimika kufuatana. Mtu aliweza kufanya kazi siku nne, akaenda kulima shamba lake siku tatu, akarudi tena. Kadi ikijaa ndipo alipolipwa. Hapakuwa na mshahara wa mwezi kwa maana tunayoijua leo. Waliotoka mbali, manamba walioletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Njombe na kwingineko, wengi wao kwa njia ya ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge iliyoitwa SILABU na iliyoanzishwa mwaka 1944, wao hawakuwa na shamba karibu la kukimbilia, na kwa hiyo walikuwa mikononi mwa kampuni zaidi. Lakini hata wao walihesabiwa kwa kipande.

Mkonge ni mfano mzuri wa kujifunza habari ya mashine, pengine mzuri kuliko ule wa viwanda vya Ulaya, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo. Zao hili halikuwa la kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka katika miche hiyo 62 yakatokea mashamba tuliyoyaona tangu utoto wetu, safu kwa safu, kutoka Pangani na Muheza hadi Korogwe na kuendelea.

Kwa nini mtu asumbuke kuleta mmea kutoka upande wa pili wa dunia? Kwa sababu ya mashine. Katika miaka ya 1870 na 1880 Wamarekani walivumbua mashine ya kuvuna ngano iliyoweza kukata na pia kufunga mabua matita matita, ikipiga fundo yenyewe. Mwanzo ilifunga kwa waya, lakini vipande vya waya viliingia katika chakula cha ng'ombe, wakulima wakalalamika. Basi zikatakiwa kamba za mmea, nyingi sana, kila mwaka. Mashine hiyo iliwaondoa mashambani Marekani watu waliokuwa wakifuata nyuma ya wakataji na kufunga matita kwa mikono. Na mashine hiyo hiyo iliwatafutia kazi babu zetu huku, watu ambao hawakupata kuiona kwa macho, wala kuonja ngano iliyovunwa nayo.

Twaomba msomaji alitafakari jambo hilo kabla ya kuendelea. Mashine ikifika mahali fulani, huondoa kazi pale na kuiumba mahali pengine. Huyo anayeipoteza na huyo anayeipata si mtu mmoja, na mara nyingi hawajuani.

Kwa muda wa miaka mingi mambo yalikuwa hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, mataifa ya Magharibi yalikosa nyuzi za kutoka huko, na mkonge wa Tanganyika ukawa kitu cha thamani kubwa. Baada ya vita bei iliendelea vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zaidi ya watu laki moja walikuwa wakifanya kazi katika mkonge, na mwaka 1964 nchi yetu ilitoa karibu tani 230,000. Hakuna nchi nyingine iliyotushinda.

Ndipo mambo yakageuka. Wataalamu wa kemia walikuwa wamegundua katika miaka ya 1950 namna ya kutengeneza plastiki inayoitwa polipropilini, inayotokana na mafuta ya petroli. Katika miaka ya 1960 ilianza kusokotwa kuwa kamba za kufungia majani makavu ya mifugo. Kiwanda cha kamba hizo chahitaji watu wachache mno. Hakuna wa kukata, hakuna wa kubeba, hakuna wa kuanika. Bei ya mkonge ikaporomoka. Serikali ilipoyataifisha mashamba mengi ya mkonge mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, tayari ilikuwa inapokea mgonjwa. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 plastiki nayo ikapanda, na mkonge ukapata nafuu ya muda mfupi, kisha ukaendelea kushuka. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa haufiki hata sehemu moja ya tano ya ule wa mwaka 1964.

Wako watu wanaosema mkonge uliuawa na utaifishaji peke yake, na wako wanaosema uliuawa na plastiki peke yake. Sisi twaona uongozi mbaya ulichangia, tena sana. Lakini hata kama kila meneja angekuwa mwaminifu na hodari, asingeweza kuwazuia wakulima wa Ulaya na Marekani kununua kamba iliyo rahisi zaidi. Kazi ya watu wetu iliondolewa na mashine ambayo haikufika kamwe katika mashamba yetu. Hapakuwa na kitu cha kugomea wala cha kuchoma moto.

Ajabu ni kwamba kazi ngumu kuliko zote, ile ya kukata majani, mpaka leo haijapata mashine. Korona imekuwapo tangu zamani: inaliponda jani, inalikwangua nyama yake ya kijani, maji yanapita, na nyuzi zinatoka upande wa pili. Lakini jani halijifikishi kwenye korona lenyewe. Mkataji lazima achague majani ya chini yaliyokomaa, ayaache ya juu ili mmea uendelee kuishi, akate miba ya ncha, afunge mzigo, aubebe. Miti haiko sawa, ardhi ina mabonde, miba inachoma. Kufanya mkono wa chuma uyaweze hayo kwa bei iliyo chini ya ujira wa mkata mkonge ni jambo ambalo halijawezekana. Siku hizi mkonge umeanza kuinuka tena, na wakulima wadogo nao wanalima, na bado mkataji anaingia shambani alfajiri na kisu chake kama alivyofanya babu yake.

Kutokana na hayo tunajifunza kwamba si kweli kuwa mashine huanza na kazi ngumu na za hali ya chini, kisha ndipo zipande juu. Mashine huchukua kwanza ile kazi inayofanana leo na kesho, yenye kipimo, isiyohitaji kuchagua sana, hata kama anayeifanya amevaa tai. Karani anayenakili tarakimu kutoka kitabu hiki hadi kile yuko hatarini kuliko fundi bomba anayelala chini ya sinki la mtu.

Kwa jirani zetu wa Kenya habari imekuwa tofauti. Huko Kericho na Nandi, katika mashamba makubwa ya chai, mashine za kuchumia zilianza kuingia katika miaka ya 2000. Mchumaji wa mikono huchuma majani mawili na chipukizi. Mashine hukata kama mkasi mkubwa, haichagui vizuri, lakini kwa siku moja inafanya kazi ya watu wengi sana. Vyama vya wafanyakazi vilikwenda mahakamani, na mabishano yakaendelea miaka mingi. Mwezi wa Mei 2023 watu waliandamana huko Kericho na mashine kadhaa zikateketezwa. Zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo, na hao kwa sehemu kubwa bado wanachuma kwa mkono, kwa kuwa jani lililochumwa vizuri ndilo linalowapa bei. Kwa hiyo majani ya chai ni yale yale na hali ya hewa ni ile ile, lakini kwa mwenye shamba kubwa mashine ni faida, na kwa mwenye nusu eka haina maana.

Hatuungi mkono kuchoma mali ya watu. Lakini twawaomba wasomaji wasiwadharau waliofanya hivyo kana kwamba ni wajinga. Huko Uingereza kati ya mwaka 1811 na 1816 mafundi wa kufuma walivunja mashine usiku, na serikali ikatunga sheria mwaka 1812 iliyoruhusu kuwanyonga. Mafundi wale hawakuwa watu wasioelewa mashine. Walizielewa sana, ndiyo kazi yao. Walichokikataa ni kwamba faida yote iliingia katika mfuko mmoja na hasara yote katika nyumba zao. Wajukuu zao walivaa nguo za rahisi na kuishi vizuri kuliko wao, hiyo ni kweli. Lakini mtu hali chakula cha mjukuu wake.

Tuje karibu zaidi. Mashine ya kwanza ya kutolea fedha ilifunguliwa katika benki moja huko Enfield, London, mwezi wa Juni 1967. Watu walidhani makarani wa benki wamekwisha. Nchini Marekani haikuwa hivyo: kwa kuwa tawi moja lilihitaji makarani wachache, benki ziliweza kufungua matawi mengi zaidi, na kwa miaka mingi idadi ya makarani haikupungua. Ni baadaye, watu walipoanza kufanya mambo ya benki katika simu zao, ndipo makarani walipoanza kupungua. Twasema hivi ili mtu asikimbilie kutabiri. Jambo linaweza kwenda upande mmoja kwa miaka 30, kisha likageuka.

Huku kwetu simu imefanya makubwa kuliko ile mashine ya ukutani. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, kisha mitandao mingine ikafuata. Tazameni sasa kila kona. Chini ya mwavuli, ndani ya kibanda cha mbao, kijana wa kike au wa kiume anakaa na simu zake na daftari: huyo ni wakala. Kazi hiyo haikuwapo tulipostaafu wengi wetu. Kompyuta imeumba kazi kwa maelfu kwa maelfu ya vijana, na kwa jambo hilo hatuna budi kuishukuru.

Lakini ni kazi gani? Wakala hapati mshahara, anapata kamisheni. Akiugua, kibanda kinafungwa na hapati kitu. Akiibiwa au akidanganywa na matapeli, hasara ni yake. Hana likizo, na akijifungua hana miezi mitatu ya kulea. Tanzania tunayo sheria ya mwaka 2004 isemayo kwamba mwajiriwa asifanye kazi ya kawaida zaidi ya saa 45 kwa juma, nayo ni sheria nzuri, lakini haimgusi wakala kwa kuwa kwa maandishi yeye si mwajiriwa wa mtu. Vivyo hivyo kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, awe amepata abiria au hakupata.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji aone mawazo yetu yanakoelekea. Kwa watu wa nchi kama yetu, jambo la kuogopa hasa si kwamba kazi zitakwisha. Kazi zipo, na zitakuwapo. Jambo la kuogopa ni kwamba kile kifurushi kilichoitwa kazi ya kudumu, yaani mshahara, likizo, matibabu na akiba ya uzee vikiwa vimefungwa pamoja, kinafunguliwa, na mtu anarudishiwa kazi peke yake. Ni kipande kimerudi, isipokuwa sasa hakina karatasi.

Mfano wa mwisho wa jambo hilo ni hizi kompyuta mpya wanazoziita akili mnemba, wengine akili unde. Tangu mwezi wa Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote, hata watoto wa sekondari wanaijua. Inaandika barua, inatunga insha, inajibu maswali kwa Kiswahili kisichochukiza. Wengi hufikiri imejifunza yenyewe. Katika sehemu fulani ilifundishwa na vijana wa Nairobi, waliokaa mchana kutwa wakisoma maandishi, mengi yao machafu na ya kuumiza roho, wakiyatenga mabaya na mazuri ili mashine ipate kujua. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba walikuwa wakipokea chini ya dola 2 kwa saa. Wakata mkonge walitumikia mashine ya ngano iliyokuwa mbali, na wajukuu wanatumikia mashine nyingine, nayo iko mbali vile vile.

Mama mmoja wa mtaa wetu, mjane, alitujia mwaka jana na swali lililotukosesha usingizi. "Shikamoo, Mwalimu. Nina eka mbili na nusu. Nikiuza moja na nusu, binti yangu ataweza kusoma uhasibu miaka mitatu. Lakini kaka yake ananiambia kompyuta inafanya hesabu yenyewe. Je, niuze?" Swali la namna hii halijibiwi kwa kusema elimu ni ufunguo wa maisha. Twaandika hapa tulivyomjibu kwa sababu wako wengine wenye swali kama lake.

Tulimwambia kwamba kuna uhasibu wa namna mbili. Upo wa kuingiza tarakimu, kujumlisha na kuandika jedwali safi. Huo tangu programu za majedwali zilipotokea mwaka 1979 umekuwa ukichukuliwa na kompyuta, na utaendelea kuchukuliwa. Upo na wa kujua tarakimu hizo zinasema nini, kwamba duka hili linajiua kwa mikopo, kwamba risiti hii imeghushiwa, na kusimama mbele ya mwenye mali au mtu wa kodi na kutoa maelezo kwa jina lako na sahihi yako. Wahasibu wa namna ya pili wameongezeka kompyuta zilipokuja, maana hesabu zikiwa rahisi kufanyika watu hutaka nyingi zaidi. Binti akienda chuo cha kukariri, fedha za shamba zitakuwa zimepotea. Akienda mahali pa kufundishwa kuuliza na kukagua, atapata pa kushika. Lakini tulimwambia pia asiuze eka moja na nusu. Aanze na kozi fupi ya cheti, binti afanye kazi katika duka la vifaa vya ujenzi au chama cha akiba na mikopo, aone kama jambo hilo analiweza, ndipo waendelee. Shamba likishauzwa halirudi, na katika nchi ambayo kazi ya mshahara inayumba, shamba ndilo kiinua mgongo cha mtu asiye na kiinua mgongo.

Kuna wasomaji watakaosema tumekuwa waoga. Huenda. Lakini tumeona familia nyingi zilizouza kila kitu kwa ajili ya cheti kimoja, na cheti sasa kipo ukutani ndani ya kioo.

Neno moja juu ya shule zetu. Tangu mwaka 2012 sehemu kubwa ya mtihani wa darasa la saba imekuwa ikisahihishwa kwa mashine: mtoto anatia kivuli kwa penseli, mashine inasoma. Kazi iliyowakusanya walimu na kalamu nyekundu kwa siku nyingi ilipungua sana, na makosa ya kujumlisha alama pia. Hayo ni mema. Lakini mtoto aweza kutia kivuli mahali sahihi bila kujua kuandika sentensi moja. Mashine hupima kinachohesabika, na baada ya muda shule hufundisha kile tu ambacho mashine hupima. Tukifanya hivyo tutakuwa tunawaandaa watoto kwa zile kazi ambazo mashine itazichukua kwanza.

Sasa juu ya saa za kazi. Mashine zikifanya kazi zaidi, si watu wangepumzika zaidi? Imepata kutokea. Bunge la Uingereza mwaka 1847 liliweka kikomo cha saa kumi kwa wanawake na vijana katika viwanda vya nguo, na wenye viwanda walisema watafilisika, wala hawakufilisika. Mwaka 1926 Henry Ford aliwapa wafanyakazi wake juma la siku tano za kazi. Mwaka 1930 mchumi John Maynard Keynes aliandika kwamba katika muda wa miaka 100 utajiri utaongezeka kiasi kwamba saa 15 kwa juma zitatosha. Mwaka 2030 umefika mlangoni. Utajiri wa nchi zile umeongezeka kama alivyosema, pengine zaidi, lakini saa hazikupungua kwa kadiri hiyo. Mashine peke yake haimpi mtu mapumziko. Saa zilipungua pale tu watu walipozidai, na sheria ikaandikwa.

Tena, muda mtupu si mapumziko. Katika Austria kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal kilichotegemea kiwanda kimoja cha nyuzi na nguo. Kiwanda kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, si kwa sababu ya mashine mpya bali kwa mdororo wa uchumi, na sehemu kubwa ya familia 478 zikabaki bila kazi. Wataalamu walikwenda kukaa nao, na mwaka 1933 wakatoa kitabu. Mtu angedhani watu wenye nafasi wangesoma zaidi. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu, ingawa ada iliondolewa. Wataalamu walisimama dirishani na saa mkononi wakipima mwendo wa watu barabarani, wakaona wanaume wanatembea polepole kuliko wanawake na kusimamasimama, maana hawakuwa na mahali pa kuwahi. Walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, wengi hawakukumbuka. Wanawake walikuwa na kazi za nyumbani kama siku zote, kwa hiyo siku yao ilikuwa na umbo.

Kanisa letu la Anglikana lilipata kulishughulikia jambo hilo pia. William Temple, alipokuwa Askofu Mkuu wa York, alisimamia uchunguzi juu ya watu waliokosa kazi kwa muda mrefu huko Uingereza, na ripoti yake ikatoka mwaka 1938. Waliokwenda kuwahoji walikuta yale yale ya Marienthal: njaa ilikuwapo, lakini kilichowala zaidi watu ni kujiona hawahitajiwi. Miaka mingi baadaye, mwezi wa Oktoba 2020, kijiji kile kile cha Austria kilianza kujaribu mpango wa kumhakikishia kazi kila mtu aliyekosa ajira zaidi ya mwaka mmoja: ya useremala, ya bustani, ya kutengeneza vitu vya kale, kwa ujira wa haki. Ni nchi tajiri, hatuwezi kuiga kila kitu. Lakini wazo la kwamba kazi hutafutiwa watu, badala ya watu tu kuitafuta kazi, si geni kwetu sisi tuliozoea msaragambo.

Kwa wakati uliopo, yako mambo madogo ambayo mtu aweza kuyafanya bila kungoja serikali. Mfuko wa NSSF unapokea pia wanaojiajiri, mkulima, mama lishe, bodaboda, na ni wachache katika mtaa wetu wanaolijua hilo. Mawakala wa mtaa mmoja wanaweza kuweka fungu la ugonjwa kama tunavyoweka la mazishi, maana sisi ni hodari sana wa kumzika mtu kuliko kumwuguza. Na wenye pikipiki waliomo katika kundi letu, wengine wao ni wazee wa kanisa, watazame hesabu wanayoitoza siku ya mvua.

Watakaolisoma somo hili katika jumuiya zao wanaweza kuanza kwa kumwomba kila mtu aeleze kazi yake ya jana tangu alipoamka, kisha wazungumze ni sehemu gani ya kazi hiyo mashine ingeweza kuifanya, na ni sehemu gani wasingependa ifanywe na mashine hata kama ingeweza. Vijana wa uwakala na wa bodaboda wakadirie saa walizofanya kazi juma lililopita na kuzigawia fedha waliyobaki nayo, wapate kujua saa moja yao imelipwa shilingi ngapi. Wazee waliofanya kazi katika mkonge waulizwe habari za kipande, na kama yuko aliyebaki na kadi yake ya zamani sandukuni, tungefurahi aje nayo Jumapili ili wajukuu waione.